Kati ya "ndiyo" na "hapana" kuna pesa za mzee wa Itumba

Najua nimekuwa kimya, na najua kuna waliopita hapa mara tatu wakakuta yale yale ya mwezi uliopita. Samahani. Kazi za gazeti zilinipeleka Ileje, na huko nikakutana na jambo ambalo mhariri wangu alisema si habari. "Wewe andika kahawa," akaniambia. Kahawa nimeandika. Hili nalileta hapa.

Kwa asiyepajua, Itumba ndiyo makao makuu ya wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, ule mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukitoka Mbeya unaiacha barabara kuu ya Zambia pale Mpemba, kabla hujafika Tunduma, unashika ile ya kuelekea Isongole. Mbele ya Isongole ni Malawi. Ni pazuri, milima hadi macho yanachoka, ila simu yako ikiamua siku hiyo inakamata mtandao wa jirani na kukukaribisha nchi ambayo hujaenda.

Basi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la duka moja la pembejeo nikisubiri mvua ikatike. Mwishoni mwa Novemba, watu wanahangaika na kupanda. Akaingia mzee mmoja, koti zito, mabuti yana udongo, akaomba mfuko wa mbolea ya kupandia. Shilingi 75,000. Duka lile lina mambo ya kisasa: dada muuzaji anaandika namba ya simu ya mteja kwenye kompyuta, anabofya, ujumbe unatokea kwenye simu ya mteja, mteja anaweka namba ya siri, mchezo umekwisha.

Mzee akaweka namba ya siri. Tukasubiri. Kile kiduara kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka. Halafu maandishi mekundu: IMESHINDIKANA.

"Baba, imegoma. Turudie?"

"Rudia tu, mwanangu."

Wakarudia. Safari hii ikaja kijani, IMEFANIKIWA, mzee akafunga mfuko wake kwenye bodaboda akaondoka. Mimi nikasahau.

Asubuhi yake nipo barazani kwa gesti napiga mswaki, namwona yule mzee yuko mbele ya duka lililofungwa. Jioni ya jana, alipofika kwake juu ambako mtandao ni afadhali, ujumbe mbili ziliingia kwa mpigo. Sh 75,000 na sh 75,000. Ile ya pili, wadau, ilikuwa ya mbegu. Pesa ilirudi baada ya siku 11. Mvua haimsubiri mtu arudishiwe pesa. Mbegu alikopa kwa ndugu yake.

Sasa hebu tuulizane: mwizi ni nani hapo? Dada wa duka? Alisoma kilichoandikwa kwenye kioo. Kampuni ya simu? Iliombwa mara mbili, ikakata mara mbili. Mwenye duka ndiye aliyehangaika mpaka pesa ikarudi. Nikaona isiwe tabu, nikaomba namba ya kijana aliyetengeneza ile programu, na niliporudi Mbeya nikamtafuta.

Si mjinga hata kidogo. Amenipita mbali kwa akili. Alinifungulia kompyuta yake tukiwa kwa muuza chipsi, akanionyesha. Ile sehemu inayozungumza na seva za malipo hakuiandika yeye. Aliichukua kwenye intaneti, imeandikwa na mtu asiyemjua, mara ya mwisho kuguswa ni miaka kadhaa iliyopita. Ndani yake kuna mistari michache tu ya maana. Tuma ombi. Subiri sekunde 30. Jibu lisipokuja, rudisha "hapana".

Hapo ndipo zilipokwenda pesa za mzee, kwenye neno hilo moja.

Nieleze kidogo, na wataalamu wa kompyuta mniwie radhi, mimi nilisoma uandishi. Programu ni mkusanyiko wa kazi ndogo ndogo zinazoitana. Kazi moja inaita nyingine: jumlisha hizi, andika hii, nipe jibu. Zikiwa kwenye kompyuta moja ni sawa na kumwambia mdogo wako mliye naye chumbani akupe chumvi. Atakupa, au atakwambia hakuna. Sasa kazi unayoiita ikiwa kwenye kompyuta nyingine, Dar es Salaam huko, hapo ndipo panakuja kitu kinachoitwa kwa kifupi RPC. Mimi nitakiita mwito wa mbali. Uzuri wake ni kwamba anayeandika programu anauandika kama mwito wa kawaida, kana kwamba ile kazi ipo hapo hapo. Maktaba ya programu inamfichia safari yote: inafunga ombi, inalisafirisha, inapokea jibu, inalifungua.

Lakini mwito wa mbali ni kumtuma mtoto dukani. Anaweza kurudi na chumvi. Anaweza kurudi akasema duka limefungwa. Na anaweza asirudi. Akichelewa, wewe uliye jikoni unajua nini? Huenda hajafika. Huenda amenunua, yuko njiani anacheza gololi. Huenda pesa imeanguka. Mama mwenye akili hamtumi mtoto wa pili na pesa nyingine kabla hajajua wa kwanza kapatwa na nini. Ile programu ya Itumba ilimtuma mtoto wa pili baada ya sekunde 30.

Na hili si jipya. Walioweka msingi wa mambo haya, Andrew Birrell na Bruce Nelson wa Xerox, waliandika makala yao maarufu mwaka 1984, na hawakuficha kitu: jibu likirudi, jua kazi imefanyika mara moja tu, lisiporudi, utapewa taarifa ya hitilafu, na hapo kazi imefanyika mara moja au haikufanyika kabisa, nawe hutaambiwa ni ipi kati ya hizo mbili. Mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems wakaandika waraka wa kuonya kwamba kujifanya cha mbali ni sawa na cha karibu ni kujidanganya. Wahenga wetu walishamaliza: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mtu atasema tatizo ni Itumba iko mbali. Kwa kweli umbali wenyewe si kitu. Nuru ndani ya nyuzi za mkongo inakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka mpakani Tunduma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Kwa nuru hiyo ni sehemu tano hivi za elfu moja za sekunde. Huwezi kupepesa jicho. Kinachochelewesha ni mnara uliozidiwa, umeme uliokatika, mvua, foleni kwenye seva siku ambayo kila mtu ananunua mbolea. Kwa hiyo ukiandika maktaba ukiwa Masaki, na mtandao wako unapepea, utaona majibu mawili tu maisha yako yote, ndiyo na hapana. Lile la tatu, "sijui", linaishi Ileje. Linaishi Nyasa, Ngara, Mafia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maktaba rasmi ni anasa. Nikisema rasmi namaanisha ile inayoandikwa na kutunzwa na mwenye huduma mwenyewe, kwa kila lugha ya programu ambayo watu wanaitumia kweli. Mwenye huduma anapotoa waraka wa kurasa 60 tu, akasema "mlango huo, ingieni", hajaokoa gharama. Ameihamisha. Kila kijana anaandika maktaba yake au anaokota ya mwingine, na kila mmoja anagundua "sijui" kwa wakati wake na kwa pesa za mteja wake.

Waliotangulia wameliona hili. Google walipoifungua gRPC kwa umma mwaka 2015 hawakutoa maelezo peke yake, walitoa na maktaba za lugha nyingi: C++, Java, Python, Go, Ruby, PHP na nyinginezo. Ndani yake kuna dhana ya ukomo wa muda, yaani ombi linasafiri likiwa na saa yake mkononi. Na maelezo yao yanakuonya waziwazi kwamba ukipata jibu la "muda umekwisha", kazi inaweza kuwa imeshafanyika huko iliko. Kuna namba moja ya jibu kwa "seva haipatikani" na nyingine kwa "muda umekwisha", ya 14 na ya 4, kwa sababu si kitu kimoja. Ila nao si malaika: usipoweka ukomo mwenyewe, wao hawakuwekei. Mtu asiyejua atasubiri mpaka kiyama.

Msiniambie hayo ni ya Wazungu. Nairobi hapo, Africa's Talking walianza mwaka 2010 kuwawezesha vijana watume ujumbe wa simu na kutengeneza menyu za nyota na reli kwa kuita seva zao. Walikaa chini wakaandika maktaba zao wenyewe, za PHP, Python, Java, Ruby, Node, wakaziweka wazi GitHub. Wengi wetu mara ya kwanza kutuma ujumbe kutoka kwenye programu tulitumia hizo, hata mimi nisiyejua kitu niliwahi kujitumia "mambo" nikaruka kwa furaha.

Safaricom nao, walipofungua Daraja mwaka 2017, waliwatoa watu kwenye mambo magumu ya XML ya zamani. Kitu ninachokipenda Daraja ni kwamba malipo ya kumtumia mteja ujumbe aweke namba ya siri hayajifanyi kuwa ya papo kwa papo. Unatuma ombi, unapewa namba ya ombi, na matokeo yanakufuata baadaye kwenye anwani uliyoitaja. Yasipokufuata, kuna mlango wa kuuliza: namba hii imeishia wapi? Matokeo yenyewe yanatofautishwa. Sifuri imefanikiwa, 1032 mteja ameghairi mwenyewe, 1037 simu yake haikujibu. Sasa nenda GitHub uhesabu maktaba ambazo watu binafsi wamezitunga juu ya mlango huo. Nyingi zinajua kutuma ombi vizuri sana. Ngapi zinajua kuuliza limeishia wapi? Nilizozifungua mimi, kwa msaada wa yule kijana, tulikuta moja iliyorahisisha mpaka ikageuza kila kisicho sifuri kuwa "hapana". Nia njema, madhara yale yale.

Kuna na Mojaloop, mfumo huria wa kuunganisha malipo uliotolewa mwaka 2017 kwa fedha za Bill Gates na mkewe wa wakati ule, ambao hata jina lake wamelianzisha na "moja" yetu. Huo tangu mwanzo umekubali kwamba jibu halirudi kwa mlango lilikotokea ombi. Linakuja lenyewe baadaye. Walipoona mabenki madogo yanapata shida kuishi hivyo, wakatengeneza na kipande rasmi cha kukaa katikati, kinachobeba usumbufu wote wa kusubiri na kukumbuka. Hicho ndicho ninachokililia. Usumbufu lazima uwepo mahali fulani. Ukae kwa mwenye timu ya wahandisi na mishahara.

Na hapa kwetu? Kuna jambo moja tumelipatia, na nalisema ingawa kusifia serikali kwenye ukurasa huu ni kujitafutia maneno. Kontroo namba. Tangu mfumo wa malipo ya serikali ulipoanza mwaka 2017, deni linazaliwa kwanza likiwa na namba yake, ndipo pesa inatembea kuifuata namba. Watu wanailalamikia ile foleni ya kuomba namba, mimi pia, lakini fikiria maana yake. Ukiulizwa "hili limelipwa?", kuna kitu cha kuulizia. Lile ombi la mbolea ya mzee halikuwa na jina. Ombi la kwanza na la pili yalikuwa mapacha wasio na vyeti vya kuzaliwa, seva ingejuaje kwamba ni mfuko mmoja?

Ningekuwa mkubwa wa benki au wa kampuni ya simu, au wa hiyo Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ningeagiza maktaba ambayo haikubali kutuma ombi la pesa bila kulipa namba kwanza, na namba hiyo hiyo itumike ombi linaporudiwa. Ukomo wa muda uwepo hata kama mtumiaji hakuuweka. Majibu yawe matatu, na lile la tatu lisiweze kugeuzwa kuwa hapana kwa bahati mbaya. Programu igome kabisa mpaka mwandishi wake aseme atafanya nini asipojua. Kabla haijatoka, ijaribiwe kwenye mnara wa mpakani siku ya mvua. Si lazima waende mbali, mimi nitawaonyesha gesti ya kufikia. Chai ya pale ina tangawizi.

Na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Hapa najua mtacheka. Lakini mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, wakati wengi wetu intaneti tunailipia kwa nusu saa kwenye kafe. Kama ile iliwezekana, ujumbe 20 wa hitilafu unatushindaje?

Nimebishana na rafiki yangu mmoja juu ya hili karibu usiku mzima. Yeye anasema kitu rasmi hufa kirasmi: mradi unazinduliwa na keki, meneja anahamishwa, maktaba inabaki miaka mitano bila kuguswa, na wakati huo imeshawaua wajitolea ambao wangetengeneza nzuri zaidi. Anatoa mfano wa lugha ya Rust, ambako wajitolea walitangulia na maktaba ya gRPC iitwayo tonic, ikashika soko bila ya Google kuiandika. Hoja yake ina uzito, na sina jibu lake lote. Ninachojua ni kwamba wajitolea wa tonic ni watu wenye muda, umeme na miaka ya kusomana msimbo. Kijana wangu wa Mbeya alipewa wiki mbili na mwenye duka, na malipo nusu. Kama mjitolea ametangulia na kazi yake ni nzuri, mwenye huduma amfuate, amlipe, aweke muhuri. Rasmi kwangu si nani kaiandika kwanza. Ni kwamba pesa ikipotea kuna mlango wa kugonga wenye jina la mtu.

Rafiki yangu akasema nimekuwa mjamaa. Tukaagiza chipsi nyingine.

Yule kijana amerekebisha. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kioo kipya. Kila mauzo sasa yana namba kabla ombi halijaondoka, na baada ya sekunde 30 programu haisemi chochote cha mwisho. Inaanza kuuliza lile ombi limefikia wapi, na kitufe cha kurudia kinafungwa mpaka ijulikane. Dada wa duka hajakipenda. Anasema wateja wanakasirika kusimama, na wengine wanamwambia afadhali ya zamani. Mwenye duka amekubali kijaribiwe mpaka mvua zipungue.

Kilichomshinda ni maneno. Kijani anaandika IMEFANIKIWA, nyekundu IMESHINDIKANA. Ile ya njano, ya "sijui bado", ameshabadilisha mara nne. INASUBIRI, watu wanadhani wasubiri wao. HAIJULIKANI, mama mmoja alishtuka akadhani pesa zake zimeibwa. INASHUGHULIKIWA, wakacheka, wakasema hiyo ni ya ofisini. Ameniuliza mimi kama mwandishi. Wadau, nyie mngeandika nini pale? Neno moja, lieleweke na mzee wa Ileje aliyesimama kaunta na simu mkononi. Nitamfikishia.